Mpe Mgeni Chai

Tulipomzika Nalongo nilikaa nyuma kabisa ya turubai, karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mtu husikia mengi bila kuulizwa neno. Ilikuwa nyumbani kwake Nateete, mchana, na wanawake walikuwa wakipitisha chai ya maziwa katika vikombe vya plastiki. Nilipokea changu nikakiweka gotini kipoe. Mwanamke mrefu aliyevaa gomesi ya kijivu akaja akaketi kiti cha pembeni, akakitazama kikombe changu kama anayekikagua, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mwarimu, hii iko na sukari." Mimi si mwalimu. Riziki yangu nimeipata kwa kutengeneza mizani za sokoni, na machache ninayoyajua zaidi ya hayo nimejisomea mwenyewe, kwa vitabu nilivyovipata kimoja kimoja. Lakini upo mwaka mmoja ambao watoto wadogo waliniita hivyo, wakitia r mahali pa l kama Kampala nzima itiavyo, na ilinibidi kumtazama yule mwanamke kwa muda kabla sijamwona mtoto ndani ya uso wake. Alikuwa Akello. Hatukuwa tumeonana tangu asubuhi ile ya chai.

Mwaka ule sukari ilikuwa imetoweka madukani, ikafuatwa na chumvi, kisha sabuni. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Nilikuwa nimefika Kampala kutoka Uvira, upande wa Kongo, nikiwa na umri wa miaka ishirini, na nilipanga chumba Namuwongo, upande wa chini, karibu na reli. Kilikuwa chumba cha udongo na mabanzi, chenye kitanda cha kamba, ndoo, na dirisha dogo lisilo na kioo. Treni ilipopita, kikombe changu kilisogea chenyewe juu ya sanduku, nami nilijizoeza kukitazama badala ya kukizuia. Nyuma ya kiambaza waliishi mtu na mkewe, Waganda, vijana kama mimi. Niliwasikia wakitaniana kwa lugha yao walipokuwa wakimenya ndizi, mke akicheka kicheko kinachopanda. Nilipokohoa, kicheko kilikatika. Asubuhi nilipowasalimia kwa Kiswahili, mume alisimama wima akajibu, "Ndiyo, afande." Nilimwambia kwamba mimi si askari. Akaitikia, "Ndiyo, afande," kwa heshima ileile.

Imenichukua miaka mingi kulieleza jambo hilo kwa utulivu. Kiswahili ndicho nilichonyonya. Kwetu ni lugha ya kubembelezea mtoto, ya kuposea, ya kulilia maiti. Nilikuja nacho Kampala kama mtu anavyokuja na sura yake, nikakuta hapa sura hiyo ni ya mtu mwingine. Hapa ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani na ya mlango unaogongwa kwa kitako cha bunduki. Wezi waliovamia nyumba waliisema pia, hata kama walizaliwa Waganda, ili wenye nyumba waogope zaidi. Nikiulizia njia, watu walikumbuka wana haraka. Nikiomba maji, niliyapata upesi mno. Nilianza kunyamaza, na mtu aliyenyamaza miezi mingi hufikia mahali ambapo sauti yake mwenyewe humshtua.

Nalongo alinichukua kwa sababu ya lugha hiyohiyo. Jina lake la ubatizo nililijua baadaye. Wote walimwita Nalongo, kama Waganda wamwitavyo mwanamke aliyezaa mapacha. Alikuwa na shule ndogo ya nasari nyuma ya kanisa, chumba kimoja na baraza lililoezekwa mabati, kati ya kambi ya polisi na nyumba za watu wa kawaida. Nusu ya watoto walikuwa wa kambini: Waacholi, Walango, Walugbara, kila mmoja na lugha ya mama yake, nao walielewana kwa Kiswahili tu. Nusu nyingine walikuwa Waganda. Kila asubuhi watoto walijigawa pande mbili za baraza kama mafuta na maji. Nilikuwa nikipita pale nikitafuta kibarua, na siku moja alinisikia nikiwaamua wawili waliokuwa wakigombea mpira wa majani makavu ya migomba. Aliniita. "Wewe naimba?" Nikamwambia naimba kidogo. Akanitazama viatu, kisha uso. "Swahili ni lugha ya askari na wezi. Wewe si askari, na kwa mwizi wewe ni mwembamba sana. Sasa hiyo Swahili yako ni ya nani?" Nilijibu kwamba ni ya mama yangu. Alifikiri kidogo. "Basi leta hiyo ya mama yako. Wafundishe kucheza pamoja. Ile nyingine wanaijua."

Niliwapa mchezo wa mgeni, kwa kuwa ndio niliokuwa nao. Watoto hushikana mikono na kufanya duara. Mmoja huingia katikati. Huyo ndiye mgeni. Wenzake humzunguka wakiimba, na yeye hujibu peke yake:

*Hodi, hodi, mgeni yuko mlangoni.*
*Mgeni, umetoka wapi?*
*Mgeni, umeleta nini?*
*Mpokee, mkalishe, mpe chai.*

Mgeni hutaja mahali apendapo na zawadi aipendayo. Likifika neno chai, wote hukunja viganja mfano wa kikombe na kumsogezea, naye hunywa kwa kila mmoja. Kisha humshika mkono mwenzake na kumwachia nafasi ya katikati. Hakuna anayeshindwa wala anayetolewa. Nimesoma baadaye kwamba wataalamu wa watoto husifu michezo ya namna hiyo, kwa kuwa kila mtoto hupata zamu ya kutazamwa bila kuogopa. Mimi sikujua hayo. Nilijua tu kwamba kwetu ndivyo tulivyocheza jua lilipopungua makali.

Watoto wa kambini waliushika wimbo siku hiyohiyo. Nilishangaa jinsi walivyoyauliza maswali yale mawili. "Umetoka wapi? Umeleta nini?" Hawakuimba, walibweka, videvu juu, na mtoto wa sajini mmoja, Drani, aliweka mkono mmoja kiunoni. Waganda wadogo waliyatambua maswali hayo kabla yangu, kwa maana walishashushwa kwenye mabasi vizuizini pamoja na mama zao. Drani akaniuliza, "Mwarimu, na kama mugeni hana kitu?" Nikamjibu kwamba anapewa chai vilevile. Alicheka hadi akachuchumaa. "Hata kwetu, mwarimu. Kama hana kitu ndiyo anapewa chai mingi." Nilicheka naye, nikifurahi kwamba nimepata mwenzangu. Halafu wimbo ukafika mwisho, na badala ya kukunja viganja, watoto wa kambini walimwangukia mgeni kwa makofi ya mgongo, wakihesabu. Nilidhani ni utundu. Nikawaonyesha tena: kiganja hivi, kikombe, taratibu. Waliniangalia kwa subira, kama mtu anavyomwangalia mgeni wa mji anapokosea jina la mtaa, na zamu iliyofuata wakapiga.

Baada ya siku chache hakuna aliyetaka kuwa mgeni, ila Akello. Alikuwa na umri kama wa miaka mitano, mweusi wa kung'aa, asiyesema. Baba yake, koplo wa polisi, alikuwa amechukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba, na hakuna aliyejua amepelekwa wapi. Hilo sikulijua. Niliona tu kwamba watoto wa kambini hawamshiki mkono. Drani, aliyesimama karibu naye, alimshika upindo wa mkono wa gauni kwa vidole viwili. Nilijiweka upande wake wa pili, nikamshika mkono, lakini upande wa Drani duara lilibaki na pengo, na duara lenye pengo ni mstari uliopinda tu. Lakini kuingia katikati hakukuhitaji kushikwa mkono. Akello aliingia mwenyewe. Wakamuuliza ametoka wapi, akanyamaza. Wakamuuliza ameleta nini, akasema, "Hapana kitu." Kabla wimbo haujafika kwenye chai, akalala kifudifudi sakafuni, akaiweka mikono yake miwili mgongoni, kifundo juu ya kifundo, akageuza shavu upande mmoja akingoja. Wimbo ulikufa. Hata Drani hakupiga.

Nalongo alikuwa barazani akichambua mawe katika maharage. Aliweka ungo chini, akamwinua mtoto, akampeleka ndani, kisha akarudi akasimama karibu yangu akiwa ameyaelekea maharage, kama mtu anayezungumzia maharage. "Mwarimu, wewe hujui chai?" Nikamwambia najua chai. "Hapana. Hapa, mtu akipelekwa kule, akipigwa kiboko na mateke, watu nasema amepewa chai. Askari wenyewe nasema hivyo, na kucheka. Hawa watoto nasikia baba zao wakisema hivyo, wakikula chakula. Kwao hiyo ndiyo chai." Nilikaa kwenye ngazi. Nakumbuka kwamba nilichohisi kwanza hakikuwa huruma kwa mtoto. Hiyo ilikuja baadaye kidogo. Kwanza nilihisi nimeibiwa. Nilikuwa nimekuja mji huu na kitu kimoja tu, maneno ya mama yangu, na neno la ukarimu kuliko yote lilikuwa limechukuliwa, likatumiwa, na kurudishwa kwangu likiwa hivyo, na Mganda asiyekipenda Kiswahili ndiye aliyenifundisha maana yake.

Siku mbili hazikupita, mama yake Drani akaja. Alikuwa Mlugbara mnene, mwenye sauti ya kupendeza, na alileta papai kama zawadi kabla ya kusema lililomleta. Nilikuwa ndani nikipanga mikeka, nikasikia kila neno. "Nalongo, mimi sina ubaya na mutoto. Mutoto ni mutoto. Lakini mutoto yangu ashike mukono ya mutoto ya mutu ambaye wamemuchukua, halafu mutu aone? Watasema sajini anamulilia huyo koplo." Akashusha sauti. "Na hiyo wimbo ya chai. Watu wakisikia shule inacheka serikali? Nani alileta hiyo wimbo, huyo Mukongo?" Nalongo aliligeuzageuza papai. "Wimbo naweza kuondoa," akasema. "Mutoto siwezi." Mama Drani alijibu kwamba basi wenzake kambini watawaondoa watoto wao, na shule itabaki na Waganda na huyo mmoja. Hakusema kwa ukali. Alikuwa akiogopa, na alitaka tuone anavyoogopa. Aliacha papai.

Niliuondoa wimbo. Ukahamia nyuma ya choo. Watoto waliucheza huko peke yao, na waliyemhitaji awe mgeni alikuwa yuleyule ambaye hawakutaka kumshika mkono. Niliwakuta. Akello alikuwa amelala chini, wenzake wakimpiga mgongoni kwa viganja, si kwa nguvu sana, na usoni hakuwa na machozi. Alikuwa na utulivu ambao nisingependa kuuona tena kwa mtoto yeyote. Nilielewa, kwa maana mimi pia nilikuwa nikiishi katika mji ambao hakuna aliyenigusa: kule nyuma ya choo, angalau, mikono ya wenzake ilimfikia. Nilipomwinua alinitazama kama mtu aliyekatiziwa zamu.

Nikajaribu kubadilisha neno. Nikasema barazani, tuimbe "mpe maji." Mtoto mmoja wa kambini akanisahihisha kwa upole: "Mwarimu, maji ni ya kumwamsha akizimia." Nikatafuta neno jingine, nikaogopa kulijaribu. Jioni hiyo nilimwambia Nalongo kwamba nadhani hakuna neno salama lililobaki. Litakalofuata nalo litakuwa na mwenyewe. Kama tunataka chai iwe chai, lazima iwe chai. Alinielewa mara moja. "Ya kunywa," akasema. Majani alikuwa nayo, na maziwa angeomba kwa jirani. Lakini akatikisa kichwa. "Chai bila sukari ni dawa. Mutoto mgonjwa tu anakunywa hiyo. Atafikiri ni adhabu vilevile." Na siku zilikuwa chache: mama yake Akello alikuwa ameamriwa aondoke katika nyumba za polisi, amepata nafasi kwenye lori la kwenda kaskazini, na alichoomba ni kwamba mtoto abaki shuleni hadi asubuhi ya safari, asikae akitazama vitu vikifungwa.

Nilikwenda soko la Kalerwe. Ilijulikana kwamba baadhi ya wauzaji walikuwa na sukari ya magendo chini ya meza, na ilijulikana vilevile kwamba hawamuuzii wasiyemfahamu. Nilimwendea mama mmoja mzee aliyeuza nyanya chungu na dagaa. Sikujua Luganda ya kutosha kuomba jambo kama hilo, kwa hiyo nilisema kwa Kiswahili, kwa adabu zote nilizofundishwa: "Shikamoo, mama. Naomba sukari kidogo. Ni ya watoto." Mikono yake ilisimama juu ya dagaa. Jirani yake aliyekuwa akisimulia jambo alinyamaza, kisha anayefuata, hadi upande ule mzima wa soko ukatulia. Mzee aliinama, akatoa mfuko, akanipa wote kwa mikono miwili. "Chukua tu, afande." Nilikuwa nimesema ukweli naye amesikia amri. Nilitaka kumweleza, lakini kila neno nililokuwa nalo la kueleza lilikuwa la lugha ileile. Nikatoa malipo, hakuyapokea. Nikayaweka juu ya meza, nikaondoka, na nilipogeuka bado yalikuwa pale, hakuna aliyethubutu kuyagusa. Nilitembea hadi Namuwongo nikiwa nimeubeba mfuko ule begani, na watu walinipisha njia kama wanavyompisha askari.

Asubuhi ya safari Nalongo aliwasha sigiri, jiko lake la makaa, barazani, mbele ya watoto, ili waone kila kitu: maji, majani, maziwa, na mwisho sukari, ambayo baadhi yao walikuwa wamesahau rangi yake. Waliisogelea sufuria hadi pande mbili za baraza zikachanganyika bila mtu kuziambia. Mama Drani alikuwa amemleta mwanawe, akabaki amesimama nje ya uzio, mikono kifuani. Nyuma yake alisimama mama yake Akello na furushi. Nikaanza wimbo peke yangu, na watoto wakafanya duara. Pengo lilikuwa palepale. Akello akaingia katikati.

Hodi, hodi. Umetoka wapi? Akanyamaza. Umeleta nini? "Hapana kitu." Akaanza kupiga magoti ili alale. Wakati huo Nalongo alikuja na kikombe cha bati, akapita chini ya mikono ya watoto, na mbele ya mtoto wa miaka mitano akapiga magoti yote mawili sakafuni, kama mwanamke wa Kiganda apigavyo mbele ya mgeni wa heshima. Sikuwahi kumsikia akiimba kwa Kiswahili, na hakuimba. Alisema tu, "Mugeni, karibu. Hii ni chai." Watoto wa Kiganda walijua maana ya magoti yale, nyuso zao zilibadilika. Akello alibaki nusu ameinama. Alitazama kikombe, akatazama mikono ya Nalongo, akanusa. Kisha akakaa kitako, akapokea, akanywa funda moja dogo. Tulingoja. Akasema, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia hata siku moja, sauti ya kawaida kabisa ya mtoto, "Iko na sukari."

"Na mimi mugeni," akasema Drani. "Nalongo, na mimi." Wengine wakadai hivyohivyo. Nje ya uzio mama yake alicheka kidogo, akajifuta uso kwa kanga, na hakuingia, wala hakumwita mwanawe. Lakini sheria ya mchezo ni kwamba mgeni ndiye anayechagua, nao waliijua. Wakanyoosha mikono. Akello alinyanyuka na kikombe chake, akapita mbele ya Drani, akapita mbele ya wote, akanishika mkono mimi. Nikaingia katikati nikiwa mrefu kama mlingoti, nikakaa sakafuni. Wakashikana, na kwa kuwa Akello alishika nafasi yangu katika duara, Drani ilimbidi amshike mkono wenyewe, ili duara lifungike. Wakaniuliza nimetoka wapi. Watu wengi walikuwa wameniuliza swali hilo mwaka ule, wakiwa na bunduki au wakiwa na hofu, na hakuna aliyengoja jibu. Watoto walingoja. Nikasema, "Uvira." Hawakupajua, wakaendelea kuimba.

Lori halikuchelewa. Shule ilifungwa miezi michache baadaye, wakati karibu kila mtoto wa kambini alikuwa amehamishwa, nami nikaanza kazi ya mizani.

Nateete, chini ya turubai, nilimuuliza Akello kuhusu baba yake, kwa kuwa sikupenda kuzungumza mengine kabla ya hilo. Akatikisa kichwa. Hakurudi, na hawakupewa kitu cha kuzika. Alisema yeye hakumbuki kulala chini. Mama yake ndiye aliyemsimulia. Yeye anakumbuka magoti ya Nalongo, yalivyokuwa na vumbi aliposimama. Wanawake wa jikoni waliita watu waje kubeba masinia, naye akainuka kwenda kusaidia, kisha akasimama mbele yangu, akatabasamu upande mmoja tu wa mdomo.

"Mugeni," akasema, "umetoka wapi?"

Ni swali linalotaka jibu sahihi, nami nimeishi kwa kusahihisha mizani. Nilifikiri. "Namuwongo," nikasema.

"Umeleta nini?"

"Hapana kitu."

Akanionyesha kikombe kilichokuwa bado gotini mwangu, kimejaa. "Basi kunywa," akasema. "Inapoa."